Mafuta Niliyomchagulia Baba

Juzi nilikwenda kununua mafuta ya motere, yaani ya injini, kwa ajili ya gari langu, ambalo ni zee kuliko wanafunzi wangu wote na lina kiburi cha uzee. Muuzaji aliifungua bidoni, lile dumu lenye mafuta, pale pale mezani ili nione kwamba haijachezewa, na harufu ikanipanda puani: nzito, tamu kidogo, yenye chuma ndani yake. Akaniuliza, "Madame, unataka ya mwepesi ao ya muzito?" Nilisimama nikitabasamu kama mtu aliyesahau alichotumwa. Swali hilo niliwahi kulijibu nikiwa na miaka tisa. Nililijibu vibaya, tena kwa kujiamini kabisa, na nusura nimrudishe baba yangu ziwani.

Ninyi mliokulia Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, wakati mmoja na mimi mtakumbuka kwamba motere tulizozijua zilikuwa za maboti. Magari yalipita, mengi yakiwa ya mashirika ya misaada, yenye bendera na antena ndefu, lakini motere ya kuishika kwa mkono ilikuwa ile inayoning'inia nyuma ya boti. Baba alikuwa mtu wa boti. Yeye na kaka yake, baba mkubwa wangu wa Kazimia, walisafirisha watu na mizigo miaka mingi, mpaka dhoruba moja ilipowapindulia boti lao. Baba alielea saa nyingi akiwa amekumbatia bidoni tupu kabla wavuvi hawajamwona. Alipofikishwa nyumbani, mama hakulia. Alimwogesha kama mtoto, akamvisha shati kavu, kisha akamwambia kwamba yeye hakuolewa na samaki, na kwamba siku atakayopanda boti tena, amtafute mkewe kwa wazazi wake, Mboko.

Ndipo baba akauza sehemu yake ya boti lililookolewa akanunua kamioneti, gari dogo la mizigo. Ilikuwa ya kijivu, imechoka, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Kazi yake ilikuwa kupandisha ndagala, dagaa wa ziwa letu, mpaka Fizi, kule mlimani, na kushuka na maharage na mihogo. Baba mkubwa hakufurahi hata kidogo. Alikuja nyumbani akasema kwamba lile chuma litakufa kabla ya mvua kuisha, na kwamba nafasi ya baba kwenye boti jipya ipo inamngoja, ila haitangoja milele. Mimi nilikuwa chini ya meza nikijifanya nacheza. Tangu siku ile niliipenda kamioneti kwa hofu. Kila ilipokohoa asubuhi nilishika pumzi, maana nilikwisha kupiga hesabu yangu: ikifa, baba anarudi majini, baba akirudi majini, mama anaondoka, na mimi sijui nitakuwa wa nani.

Baba aliendesha gari kama boti. Kwenye kona aliinamisha mwili wote, na alipotaka kusimama alisema "tutie nanga hapa." Alipoambiwa mara ya kwanza kwamba mafuta ya motere ya gari hayachanganywi na esanse, yaani petroli, bali yana tundu lake peke yake na hukaa humo miezi kadhaa, alicheka akidhani anataniwa. Kwenye boti unachanganya, unatikisa, unaondoka.

Basi wakati wa vidanje ulipofika, yaani kumwaga mafuta ya zamani na kutia mapya, kila mtu Baraka akawa mwalimu wake. Huyu alimwambia atie yale mazito kabisa, yanayomwagika polepole kama asali, kwa sababu motere zee hutaka kufunikwa vizuri. Yule alimwambia mafuta ni mafuta, asisumbuke. Baba aliwasikiliza wote kwa adabu. Kisha siku moja, baada ya sala ya alasiri, alirudi na kijitabu alichokikuta chini ya kiti cha gari, pembe zake zimeliwa na panya.

"Benye kutengeneza motere njo banajua," alisema, akimaanisha waliotengeneza gari. "Si bale ba pale kwenye barza."

Kijitabu kilikuwa cha Kifaransa. Baba alisoma Kurani vizuri sana, hata watu walimwomba asome kwenye misiba, lakini shule ya Kifaransa aliiona kwa nje tu. Mimi nilikuwa mwaka wa nne wa shule ya msingi, wa kwanza darasani, na nilihakikisha hakuna jirani asiyelijua hilo.

"Zaina, kuya hapa. Nisomee."

Zaina lilikuwa jina la mama yake, kwa hiyo alipokuwa na furaha nami aliniita "mama." Alikaa karibu yangu kwenye mkeka, miguu ameikunja, akangoja. Hakuna mtu mzima aliyewahi kuningoja hivyo.

Nilipata ukurasa wa mafuta haraka. Kulikuwa na mchoro. Chini yake ulipita mstari wa namba: thelathini, ishirini, kumi, sifuri, kumi, ishirini, thelathini, arobaini. Juu ya namba hizo ililala mistari minene, mmoja mrefu na mwingine mfupi, kila mmoja na jina la mafuta. Mbele ya zile namba za kushoto kulikuwa na vistari vidogo. Niliviona, sitadanganya. Nilidhani ni uchafu wa panya.

Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kwamba joto lina vipimo, na kwamba Baraka mchana hufika kama thelathini. Fizi nilikwisha kwenda mara moja, nikatetemeka mpaka mama akanifunga kwa kitenge chake. Basi nikautazama ule mstari wa namba, na kila kitu kikanifungukia. Ilikuwa barabara yetu! Unaanza Baraka, thelathini. Unapanda, ishirini, kumi. Unafika Fizi, sifuri, pale nilipotetemeka. Kisha unageuza, unashuka, kumi, ishirini, mpaka unarudi Baraka, thelathini. Ile arobaini ya mwisho ilinisumbua kidogo, lakini nikaamua kwamba hiyo ni motere yenyewe, imechoka na safari. Niliona fahari kubwa kwamba watu wa ng'ambo waliotengeneza gari walikuwa wameijua njia ya Fizi.

Nikamweleza baba yote hayo kwa kidole. Alinisikiliza akiitikia kwa kichwa, maana na yeye njia ile aliijua, na kwa kweli ilipanda na kushuka.

"Sasa mafuta gani inaanzia Baraka?" aliuliza.

Niliweka kidole kwenye mstari mnene uliokuwa umeanzia thelathini ya kushoto. "Hii, Papa. Tano, double ve, thelathini. Unaona? Thelathini iko mpaka kwenye jina yake." Double ve ndiyo herufi W kwa Kifaransa.

"Aksanti, mama," alisema, na akakifunika kijitabu taratibu kama alivyokuwa akifunika msahafu.

Dukani, tulikokwenda pamoja, hawakuwa na mafuta hayo. Muuzaji wa siku zile alimtazama baba kwa huruma. "Papa Zaina, ile ni ya gari mupya za mashirika. Iko mwepesi sana. Hii muzee yako itaimwaga yote."

"Mutoto wangu amesoma kitabu ya gari yenyewe," baba alijibu.

Watu dukani wakageuka. Walinitazama, na mimi nikavimba kichwa kiasi kwamba sijui nilipitaje mlangoni. Mafuta yaliagizwa Uvira, yakachukua wiki nzima kufika.

Baba alipoyamimina yalikuwa na rangi ya chai nyepesi, mazuri kuyatazama. Siku za kwanza motere iliwaka upesi kuliko zamani. Baada ya siku chache nikaanza kuona matone kwenye mchanga, pale gari lilipolala. Nilimwita mama aje aone gari linavyotoka jasho, kama mtu aliyekula akashiba. Mama aliyatazama matone yale kwa muda, akanitazama mimi, akarudi jikoni.

Likizo ilipofika baba akanichukua twende Fizi. Nilikaa katikati, kati yake na mama mmoja mchuuzi mwenye magunia ya ndagala nyuma. Mpaka mto wa Mutambala mambo yalikuwa mazuri, na yule mama alikuwa ananifundisha wimbo. Tulipovuka mto, barabara ikaanza kupanda. Kwenye kona ya pili taa ndogo nyekundu ikapepesa mbele ya baba, ikazima, ikapepesa tena.

"Papa, ile taa ni ya nini?"

"Ni ya kutuambia tuende polepole," alisema. Lakini aliacha kuinama kwenye kona. Alikaa wima, shingo ngumu.

Kisha sauti ikaja kutoka chini ya miguu yetu, kama mtu anayetwanga mawe kwenye kinu. Ta-ta-ta-ta. Nikageuka nyuma: moshi wa buluu umefunika barabara hata mti sikuuona. Baba akasimamisha gari, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu, akafungua boneti. Akachomoa joji, ule ufito wa chuma wa kupimia mafuta. Mafuta yalikuwa yameshuka chini ya alama, na yale machache yaliyobaki yalitiririka kwenye ufito kama maji.

"Papa, tutafika?" aliuliza mama wa ndagala.

"Hapana, mama. Leo turudi. Utanisamehe."

Alitia kwenye motere mafuta yaliyokuwa yamesalia kwenye bidoni, akageuza, tukashuka kwa mwendo wa kuku. Baba hakunigombeza. Aliniuliza tu kama nasikia baridi. Ningefurahi kama angenipiga kofi, kwa kuwa nilijua sasa nani aliyeliua gari, na nilikuwa naona mbele yangu boti, mawimbi, na mama akipita mlangoni na kitenge chake begani. Sikuwahi kuogopa hivyo, na sijaogopa hivyo tangu siku ile.

Gari tulilipeleka moja kwa moja kwa Fundi Wilondja. Mzee huyu alijifunza ufundi Kigoma, miaka ile watu wetu walipokuwa ukimbizini, na garaji lake lilikuwa mabati manne na benchi. Alimwomba baba awashe motere, akaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya chuma na mpini wake kwenye sikio, akafumba macho. Tulingoja. Nilimwomba Mungu kwa dua zote nilizozijua, mpaka ile ya kula.

"Haijakufa," alisema mwishowe. "Lakini ukipanda mulima tena na hii maji, itashika, haitazunguka tena. Ikishika, utaiuzisha kwa kilo, kama chuma tu."

Akachomoa joji, akasugua mafuta kati ya vidole viwili, akavinusa. "Nani alikuchagulia hii?"

"Ni mi," alisema baba.

Alisema haraka sana, na bila kunitazama. Baba yangu, ambaye hata kwenye kizuizi cha askari barabarani hakuweza kudanganya, na kwa hilo mama alimcheka kila siku, alikuwa amedanganya mbele ya fundi, mbele ya mama wa ndagala, mbele ya wapita njia watatu. Sikuweza kuvumilia.

"Bongo!" nilipiga kelele, yaani uongo. "Ni mi njo nilisoma! Iko kwenye kitabu!"

Nikakichukua kijitabu, nikamwonyesha fundi barabara yetu yote, kutoka Baraka mpaka Fizi na kurudi. Nilipofika kwenye sifuri alianza kucheka. Nilipofika kwenye arobaini aliacha, akachuchumaa ili uso wake ulingane na wangu.

"Hiki kistari, ulikiona?"

"Niliona ni uchafu."

"Si uchafu. Ni kusema: chini ya sifuri. Unajua sifuri ya baridi ni nini? Ni pale maji inageuka barafu."

"Ya kwenye frigo?"

"Ya inje. Kwenye ndoo. Kwenye barabara."

Nilimtazama nione kama ananitania, kama wazee wanavyopenda kuwatania watoto. Hakuwa anatania. "Nani anaishi kule?" niliuliza.

"Ni bantu tu, kama mi na we. Na gari zao pia. Ile mafuta ulichagua, ni ya kule. Ingekuwa nzito, asubuhi motere zao hazingeamuka."

Nilijiwa na mawazo mengi kwa mara moja. Niliwahurumia watu wale na ndoo zao. Niliona aibu. Na pia, sijui niseme vipi, niliona dunia imeongezeka upande wa kushoto, huko ambako nilikuwa sijui kwamba namba zinaendelea.

Fundi akamgeukia baba, akamweleza kwa vidole vyake vyeusi. Motere ya zamani imelika ndani, alisema. Kati ya chuma na chuma pameachana. Mafuta mepesi yanapenya hapo, mengine yanaungua kuwa moshi, mengine yanatoka kwenye mipira iliyokauka, na yanayobaki hayawezi kukinga chuma. Inataka yenye unene kidogo.

"Basi ile ya kama asali?" baba aliuliza.

"Hapana. Ile inanyamazishaka kelele tu, ndiyo maana bauzaji ba gari banaipenda, bafiche ubovu. Ukilala Fizi na ile, asubuhi inakawia kupanda juu ya motere. Na pale inapokawia, njo motere inakulika." Akampa baba kijitabu. "Papa Zaina, upeleke hii kwa mwalimu, akusomee muzuri."

Baba alikipangusa kijitabu kwenye shati lake. Akaninyooshea mimi.

"Asome ye."

Nilificha mikono nyuma. "Sitaki. Nitaua gari."

"Soma, mama."

"Nitaiua, na utarudi kwenye maji, na mama ataenda Mboko!"

Baba alikuwa hajui kwamba najua. Alikaa juu ya gurudumu lililokuwa limelala pale, akajipangusa uso. Mama wa ndagala, aliyekuwa ameanza kulalamikia magunia yake, aliyaacha akasogea karibu.

"Sikia," baba alisema, kwa sauti ya chini. "Ule mwalimu, akisoma, hajui kosa iko wapi. We unajua. Kuya usome."

Nikasogea. Nilisoma kila namba kwa sauti, pamoja na kistari chake: chini ya sifuri thelathini, chini ya sifuri ishirini, chini ya sifuri kumi. Kisha sifuri. Kisha upande wetu, upande wa kulia, ambako, fundi alisema, Fizi asubuhi ilikaa karibu na kumi na tano na Baraka mchana ilipita thelathini. Nikafuata mistari minene kwa kidole. Miwili ilifunika upande wetu vizuri.

"Iko mbili, Papa. Kumi, double ve, thelathini. Na ishirini, double ve, hamsini."

"Na ya muzee ni gani?" fundi aliuliza, mikono kiunoni.

Nilifikiria pale palipoachana kati ya chuma na chuma. Nilifikiria matone niliyoyaita jasho. Nilichukua muda mrefu kuliko siku ya kwanza, na baba hakuniharakisha.

"Ile ya ishirini na hamsini," nilisema. "Kwenye joto iko nzito kidogo, lakini si asali."

Fundi Wilondja hakunisifu. Alimwambia baba tu, "Basi uende ulete," akaingia chini ya gari kuanza kumwaga yale ya nchi za barafu.

Habari hazilali Baraka, na za ziwani husafiri kuliko zote. Siku ya pili yake watu wa Kazimia walikwisha kujua kwamba kamioneti ya baba imeshuka mlima kwa moshi. Siku ya tatu, asubuhi, sisi tukapanda tena na ndagala wale wale wa yule mama, ambao harufu yao ilikuwa imekwisha kukomaa. Sikuimba. Nilikazia macho mahali pa ile taa. Mutambala, kona ya kwanza, kona ya pili, ile sehemu yenye mawe ambapo gari zote hulia. Kwenye kila kona nilihesabu pumzi. Baba alianza kuinama tena kwenye kona, kidogo kwanza, kisha mwili mzima, na mimi na mama wa ndagala tukainama naye. Taa haikuwaka. Fizi palikuwa na ubaridi wake na moshi wa majiko, na baba alipochomoa joji alinipa mimi nisome. Mafuta yalikuwa katikati ya alama mbili. Yule mama akashusha magunia yake akisema kwamba wiki ijayo atapanda na sisi tena, lakini magunia yafunikwe.

Tulirudi Baraka jua likiwa bado liko juu. Baba mkubwa alikuwa ameketi uani kwenye kiti, viatu vyake vina mchanga wa ziwani. Boti lake lilikuwa ufukweni, motere haijafunikwa, tayari kuondoka.

"Nimekuya kukuchukua," alisema. "Nilisikia ile kitu imekufa."

"Yaya, karibu," baba alimwambia kaka yake. "Haikufa. Inatoka Fizi sasa hivi."

"Leo. Na ikikufa kesho?"

Baba alinitazama. Nilikuwa na kijitabu kwapani na mafuta kwenye vidole, na nilitaka ardhi inimeze.

"Mutoto atasoma tena," alisema. "Utafute muntu mwingine wa boti, yaya. Mi nimebaki."

Baba mkubwa alikung'uta mchanga kwenye viatu vyake. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, sijui tangu saa ngapi. Hakuonyesha kwamba amesikia lolote. Alimwambia shemeji yake akae ale kwanza, njia ya Kazimia ni ndefu, akaleta maji ya kunawa, akaleta ugali na samaki. Nyumbani kwetu wanaume walipakuliwa kwanza, wageni kabla ya wenyeji. Siku ile mama alichukua sahani ya kwanza, akaweka kipande kikubwa cha samaki, upande wa tumbo wenye mafuta, akapita mbele ya baba mkubwa, akapita mbele ya baba, akaniwekea mimi.